Ukumbi wa sauti kabla ya milango kufunguliwa

Kila asubuhi, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, napita kwenye ukumbi wa sauti nikiwa na kandambili mkononi. Si za kuvaa, ni za kupigia mabomba. Tuna mabomba 15 ya plastiki, marefu kwa mafupi, yaliyofungwa kwenye fremu ya mbao, na mdomo wa kila moja uko usawa wa kifua cha mtoto wa miaka tisa. Ukiupiga mdomo wa bomba kwa kandambili, hewa iliyomo ndani inashtuka, inatetemeka, na bomba linatoa noti yake. Nimewahi kujaribu mbao nyembamba, raketi za tenisi ya meza zilizobandikwa sponji, hata vipande vya zulia. Hakuna kilichoishinda kandambili. Raba yake inaziba mdomo sawasawa, haiumizi vidole, na ikichakaa naitupa na kuweka nyingine ndani ya dakika moja.

Mimi ni fundi wa makumbusho ya sayansi, na huu ni mwaka wangu wa 11 katika kazi hii. Natengeneza vitu ambavyo wageni wanaruhusiwa kuvishika, halafu navitengeneza tena wakishavishika. Kati ya kumbi zetu zote, huu wa sauti ndio ninaoupenda zaidi na ndio ulionisumbua zaidi. Leo naandika kuhusu vifaa vyake, na pia kuhusu vibao vya maelezo tulivyotundika juu ya vifaa hivyo, maana nimechelewa sana kuelewa kwamba vibao hivyo mara nyingi ndivyo vilivyokuwa vinaharibu kazi.

Nianze na mabomba. Mwaka wa kwanza yalininyima usingizi. Kando yake tuna marimba ya chuma ambayo niliikata mwenyewe ili ilingane nayo noti kwa noti. Asubuhi nikipiga noti moja kwenye marimba na hiyo hiyo kwenye bomba, bomba lilikuwa chini kidogo. Nikadhani nimepima vibaya. Nikachukua msumeno, nikapunguza mabomba mawili, yakalingana na chuma, nikafurahi. Saa nane mchana, ukumbi umejaa watu na joto limepanda, yale mawili yakawa juu, na mengine yote ambayo sikuyagusa yakawa yamekaa sawa kabisa. Nilisimama pale na kandambili yangu nisijue la kufanya.

Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kila joto likipanda nyuzi moja, kasi hiyo huongezeka kwa kama mita 0.6. Kwa hiyo bomba halikuwa limebadilika urefu wala mimi sikuwa nimekosea kipimo. Hewa ya mchana ilikuwa na haraka kuliko hewa ya asubuhi, na bomba lilisema ukweli wake nyakati zote mbili. Chuma cha marimba hakitingishwi sana na joto la namna hiyo. Yale mabomba mawili niliyoyakata niliyabadilisha. Tangu hapo sijasawazisha kitu. Nimetundika kipimajoto kikubwa pale pale ukutani, bila maelezo yoyote, na kusubiri. Wengi wanapita bila kukiangalia. Mara chache mtu husimama, akatazama kipimajoto, akatazama marimba, akapiga, akatazama tena kipimajoto. Mtu huyo huwa simsogelei. Namwacha.

Mabomba hayo hayo yana siri nyingine ambayo hugunduliwa na watoto kabla ya wazazi. Ukipiga na kuondoa kandambili haraka, bomba linabaki wazi pande zote mbili. Ukipiga na kuikandamiza pale pale, upande mmoja umezibwa, na noti inashuka oktava nzima. Bomba ni lile lile, urefu ni ule ule. Mtoto anayependa kupiga kwa nguvu na kung'ang'ania huipata sauti hiyo nene kwa bahati, kisha hutumia robo saa kuitafuta kwa makusudi.

Hii ndiyo sababu nina ugomvi wa siku nyingi na vitufe. Nilipoajiriwa, ukumbi ulikuwa na ukuta wa vitufe 24: bonyeza usikie nyangumi, bonyeza usikie treni, bonyeza usikie radi. Watoto walipita wakivifagia vyote kwa kiganja, hawasubiri hata sauti moja iishe. Nilikuwa nawaona wakorofi. Sasa naona walikuwa sahihi, kwa sababu kitufe hakihusiani kwa lolote na sauti inayotoka. Ukikibonyeza kwa hasira au kwa upole, nyangumi ni yule yule. Bomba ukilipiga kwa hasira linajibu kwa hasira, ukilibembeleza linabembeleza, na mkono unajua hivyo kabla kichwa hakijajua. Ukuta ule tuliubomoa mwaka wangu wa tatu na sijawahi kuukumbuka.

Sikuyabuni mawazo haya mwenyewe. Mwanafizikia Mmarekani Frank Oppenheimer alilazimika kujiuzulu chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu za kisiasa, akawa mfugaji wa ng'ombe huko Colorado kwa miaka kadhaa, akafundisha sekondari, na mwaka 1969 akafungua makumbusho ya sayansi ya Exploratorium jijini San Francisco. Karakana yake aliiweka mahali ambapo wageni wanawaona mafundi wakikata na kuchomelea. Kuanzia mwaka 1975 walianza kuchapisha maelekezo ya kutengeneza vifaa vyao ili yeyote anayetaka aige. Sisi tuliiga. Mafundi wengi wa kazi hii, popote walipo, wamejifunza kwa kuiga, na sioni aibu kulisema hilo.

Kifaa ninachokitazama mara nyingi kuliko vyote ni cha bei nafuu kuliko vyote: chupa nane za kioo zenye maji ya viwango tofauti, nyundo ndogo ya mbao, na mpira wa kukamua wenye mrija mwembamba unaopuliza hewa juu ya mdomo wa chupa, ili mtu asiweke midomo yake. Juu yake kulikuwa na kibao cha aya mbili nilichokiandika mwenyewe, chenye mchoro na mishale.

Siku moja walikuja dada na mdogo wake, wa miaka kama 10 na sita. Mdogo alikuwa na nyundo, dada ana mpira.

"Hii yenye maji mengi ndiyo nene," mdogo akasema, akagonga.

"Nene wapi? Hiyo ndiyo nyembamba kuliko zote. Sikiliza." Akakamua.

"Mimi nimegonga, dada. Nene!"

"Huna masikio wewe."

Mabishano yakapanda hadi wakanijia. "Anko, nani yuko sawa kati yetu?" Nilikuwa karibu kuwaelekeza kwenye kibao. Badala yake nikawaambia, "Badilishaneni." Dada akachukua nyundo, mdogo akachukua mpira. Akagonga. Akagonga chupa ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Mdogo akakamua, akainua macho. Wakakaa kimya muda ambao kwa mtoto wa miaka sita ni mrefu sana. Kisha dada akasema taratibu, kama anajisemea, "Kumbe kinacholia si kitu kimoja."

Ndivyo ilivyo. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo chenyewe, na maji yanakilemea, kinakwenda polepole, sauti inakuwa nene. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu ya maji, na maji yakiwa mengi hewa inabaki kidogo, sauti inakuwa nyembamba. Chupa zile zile, safu ile ile, na mpangilio unageuka juu chini. (Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, na ukilijaza maji ukaligonga utaona walikuwa wanaongea kama watu waliowahi kugonga madebe mengi.) Aya zangu mbili zilikuwa zimesema yote hayo, na kwa kuyasema zilikuwa zimemaliza mabishano kabla hayajaanza. Nilikitoa kibao. Kilichopo sasa kina mstari mmoja: *Gonga. Halafu puliza. Halafu bishaneni.*

Bamba la mchanga lina hadithi tofauti kidogo, maana pale maelezo ya mkono yanahitajika kweli. Ni bamba la shaba la mraba, sentimita 30 kwa 30, limekazwa kwa skrubu moja katikati. Unanyunyiza mchanga mwembamba, unashika upinde wa fidla, unauvuta kwenye ukingo wa bamba. Kila mgeni wa kwanza huvuta mbele na nyuma kama anakata kwa msumeno, na bamba linakwaruza tu. Unatakiwa uusimamishe upinde wima, uuvute mara moja kutoka juu kwenda chini, polepole, bila kuogopa, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa ukingo mahali pengine. Bamba likikubali, linalia mlio mkali safi, na mchanga unaruka kama umepatwa na moto. Unakimbia kila sehemu inayotetemeka na kwenda kujipanga kwenye mistari iliyotulia. Nyota. Msalaba. Mawimbi manane yenye mikia. Sogeza kidole sentimita tatu, vuta tena, na mchoro wote unavunjika na kujipanga upya.

Tulianza kwa chumvi na nikajuta, kwani inavuta unyevu, inaganda, na inakula skrubu. Sasa natumia mchanga mkavu nilioupitisha kwenye chekecheke mara mbili. Ulimbo wa kupaka upinde unaisha haraka na nywele za upinde zinakatika kila baada ya wiki chache. Kila mwaka hupendekezwa tuweke spika chini ya bamba na swichi ya kuzungusha, kama makumbusho mengi yalivyofanya, na kila mwaka nakataa. Spika inafanya kazi vizuri na michoro inatoka kila mara. Lakini ndiyo kitufe kile kile kimerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa upinde, kidole chako ndicho kinachoamua wapi bamba litulie. Unaihisi shaba ikikutekenya ncha ya kidole, unakibonyeza kidogo zaidi, na mchanga unakutii.

Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliona michoro ya namna hii kwenye kioo chenye unga mwaka 1680. Ernst Chladni, Mjerumani, aliichapisha mwaka 1787 na akazunguka Ulaya akiionyesha, na mwaka 1809 akaifanya mbele ya Napoleon. Ikatangazwa zawadi Paris kwa atakayeweza kueleza kwa hesabu kwa nini mchanga unakaa unapokaa. Sophie Germain, mwanamke ambaye vyuo vya wakati wake havikumpokea, alijaribu mara tatu, na mwaka 1816 akaipata. Huwa namfikiria ninapochekecha mchanga. Mtoto anapata nyota kwa kuvuta upinde mara moja. Yeye alitumia miaka kuifuata nyota hiyo hiyo kwa kalamu.

Adui mkubwa wa ukumbi wa sauti ni sauti yenyewe. Kwenye ukumbi wa mwanga unaweka pazia na kazi imeisha. Sauti nene ya mitetemo 20 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 17, na wimbi la namna hiyo halijali pazia wala kona. Ngoma tumezipeleka mwisho kabisa wa jengo, na bado kwenye kibanda cha kusikilizia zinafika kama mapigo ya moyo ya mtu mwingine. Hata hivyo, sahani zetu mbili kubwa za kunong'onezana, zilizotazamana kwa umbali wa mita 25 ili moja idake mnong'ono unaorushwa na nyingine, zinafanya kazi hata siku ya makelele. Shida yake ni moja tu. Watu wanamtazama mwenzao na kumpigia kelele, wakati ili mwenzako akusikie inabidi umpe mgongo na uisemeshe sahani. Mume na mke hulishindwa hili zaidi ya watoto.

Kengele ndani ya chupa ya kutolewa hewa nitaigusia kwa sababu ya kibao chake tu. Mgeni anapiga pampu kwa mkono na mlio unafifia mpaka hausikiki, jaribio la namna ambayo Robert Boyle aliichapisha mwaka 1660, akitumia saa iliyoning'inizwa kwa uzi. Kibao chetu kilisema kengele imenyamaza kwa sababu sauti haipiti kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na hewa kabisa. Ni kweli haipiti, lakini pampu yetu haijawahi kufikia ombwe. Hewa inayobaki bado inaweza kubeba sauti. Tatizo ni kwamba imekuwa nyepesi mno, kengele inaitikisa na haipati kitu cha kushika, kama mtu anayepiga kasia hewani badala ya majini. Tulikuwa tunawaambia watu jambo la kweli kama sababu ya jambo jingine, na hilo liliniuma nilipoligundua, kwa sababu maelfu walikuwa wamelisoma. Kengele nayo ililazimu ining'inie kwa mpira, maana tulipoifunga kwa waya mlio uliteremka na waya hadi mezani na hewa tukaitoa bure.

Halafu kuna kipima masikio. Unazungusha swichi, mlio unapanda, na unasimama pale unapoacha kusikia. Watoto huenda karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mimi naachwa njiani mapema, na sikio la kulia mapema zaidi, kwa sababu miaka yangu ya mwanzo karakanani nilitumia grenda bila kuvaa viziba masikio. Ndani ya kila sikio tunazaliwa na seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa ndege huota. Kila asubuhi nikikagua kifaa hiki namwita kijana mmoja wa mapokezi aje anisikilizie sehemu ya juu. Anasimama, anainua kidole mlio unapoanza, anakishusha unapokoma. Mimi naangalia kidole chake.

Karibu na hapo ipo meza ya viwiko: unaegemeza viwiko kwenye vitundu viwili, unaziba masikio kwa viganja, na muziki unapanda kupitia mifupa ya mikono. Msanii wa Marekani Laurie Anderson alitengeneza meza ya namna hiyo mwaka 1978. Ndiyo njia ile ile inayofanya sauti yako kwenye rekodi iwe ngeni: umezoea kujisikia kupitia fuvu, na rekodi haina fuvu lako.

Na mwisho ni kibanda cha kuchelewesha sauti. Unaingia, unavaa hedifoni, unasoma maandishi kwa maikrofoni, na sauti yako inakurudia masikioni ikiwa imechelewa karibu moja ya tano ya sekunde. Wazo letu la kwanza lilikuwa bomba la mita 69 lililozungushwa darini, umbali ambao sauti huutumia muda huo huo, lakini ilifika hafifu na imepoteza konsonanti zake karibu zote, nikakubali umeme. Karibu kila mtu anayesoma pale anaanza kuvuta maneno, kurudia silabi, kukwama. Makundi ya wanafunzi hukipenda kwa kucheka. Juu ya mlango tulikuwa tumeweka kibao chenye herufi kubwa: UTASHINDWA KUONGEA! Nilikuwa nimekiweka kibanda hicho kwenye orodha ya vitu vya kuondoa, kwa sababu nilikiona kama mchezo tu.

Kundi moja la sekondari lilipita, wakaingia mmoja mmoja, wakakwama, wakacheka, wakaenda zao kwenye ngoma. Kijana mmoja alikuwa amesimama nyuma muda wote. Wenzake walipoondoka akaingia. Nilikuwa nyuma ya kibanda natengeneza waya, kwa hiyo nilimsikia bila kukusudia. Alisoma aya nzima. Polepole, kila neno limekamilika, bila kukwama mahali popote. Sikuwahi kusikia mtu akisoma hivyo mle ndani, nikadhani mashine imekufa. Nikainuka kuiangalia. Alikuwa amevua hedifoni na kuanza tena sentensi ya kwanza, na akakwama kwenye herufi ya kwanza, akakwama kabisa, shingo imekaza. Akavaa tena. Akasoma aya nzima, laini.

Alirudia mara tatu. Alipotoka akanikuta. Aliniuliza mashine hiyo inafanya nini, na swali hilo lilimchukua muda mrefu, nami nikangoja mpaka alimalize. Nikamwonyesha swichi iliyo ndani ya sanduku na kumwacha aizungushe mwenyewe, aione sauti ikichelewa kidogo na ikichelewa sana. Akaniuliza kama inaweza kutengenezwa ndogo. Nikamwambia inaweza.

Usiku ule nilisoma. Watu wanaochunguza kigugumizi wanalijua jambo hili tangu miaka ya 1950: kinachomkwamisha msemaji asiye na kigugumizi, kwa wengi wenye kigugumizi hulegeza ulimi. Si kwa wote, na mara nyingi hali hurudi hedifoni zikivuliwa. Nimekaa na kifaa hicho miaka minane bila kujua.

Kibanda kimetoka kwenye orodha. Swichi nimeitoa ndani ya sanduku na kuiweka mezani, imeandikwa kuanzia sifuri hadi milisekunde 300. Kibao cha juu ya mlango nilikifungua asubuhi iliyofuata, kabla ya kupiga mabomba. Matundu manne ya skrubu bado yapo pale na wasimamizi wananiuliza kila wiki nitaweka nini.